Miwani ya Baba Mdogo na Kile Kipande cha Reli

Gereji ya Mzee Projestus,
Chang'ombe, Temeke,
Dar es Salaam.
14 Agosti 1994

Mpendwa Dada Kokuberwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Gaborone, na kwamba ile baridi ya kulala na soksi imeanza kupungua. Mke wangu Clara hajambo, anakuamkia, na anasema kitenge ulichomtumia ameshakishona na ameshakivaa kanisani mara tatu mfululizo, hata majirani wamekizoea. Hapa gereji kazi zipo. Tunaendelea, nashindwa kuandika kwamba sote ni wazima.

Miwani imefika. Yule muuguzi mwenzako aliileta mwenyewe Jumatano. Baba Mdogo aliivaa pale pale, akasoma kwa sauti maandishi yote ya kopo la grisi mpaka jina la kiwanda, na mafundi wakampigia makofi. Halafu akaivua akaniuliza, "Theonest, nani alimwambia Koku kwamba macho yangu ni mabovu?" Mimi nikainama kutafuta spana ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

Ni mimi, dada. Macho ya baba yako hayana neno. Tatizo ni mkono wake wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati hana tena, na cha pete hakikunjiki. Ndiyo maana tangu Pasaka barua zake zinakuja kwa mwandiko wangu.

Yeye aliniagiza nikuandikie kwamba ameumia mkono, ila usishtuke. Nikaogopa utauliza ameumiaje, nikaandika macho. Ukanijibu mimi kwamba kama ni macho tu basi Krismasi huji, utaongeza mkataba. Nilichomfikishia ni kwamba huji, basi. Akasema, "Kazi ni kazi," akaenda kukaa peke yake kwenye lile tairi la trekta. Miezi yote hii baba yako anaamini kwamba unajua habari ya mkono wake na hukuja. Nimeliandika hilo sasa hivi na nimeona aibu ya kukaa mbele ya karatasi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Mfaume, yule anayeuza mchanga na kokoto Tegeta, alinunua kwenye mnada kijiko kidogo cha kupakia, kizee, kati ya mitambo iliyokuwa ya shirika moja la umma. Ni kimtambo kifupi chenye mikono miwili ya chuma inayonyanyua ndoo mbele, na kila mkono unasukumwa na jeki yake ya mafuta. Jeki ya kushoto ilikuwa inavuja. Ukinyanyua ndoo, ukienda kunywa chai, unarudi unaikuta imeshuka yenyewe.

Unakumbuka zamani spea zilipokuwa hazipatikani, Baba Mdogo alikuwa akikata sili za ngozi, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, kwa wembe na kuziloweka kwenye mafuta wiki nzima? Siku hizi Kariakoo sili za mpira zimejaa mpaka barazani, nzima na feki pamoja. Akanituma nichukue mbili za aina mbili, azikague mwenyewe kwa kuziuma. Alikuwa na furaha siku ile, maana mtambo wa namna hii hajaugusa tangu alipostaafu.

Ili kuitoa jeki ni lazima mikono ya mtambo iwe juu na ikae juu ya mhimili. Mhimili wetu ulikuwa kile kipande cha reli alichokichomelea vibao vya chuma huku na huku, akakipaka rangi nyekundu, tukakiita Mlinzi. Hata wewe ulikikalia ukisubiri akupeleke shule. Na sheria yake unaijua: hakuna anayeingia chini mpaka yeye agonge Mlinzi mara tatu kwa spana na asikilize kama kimebana.

Mlinzi hakikuwapo. Nilikichukua mimi. Mwezi wa pili, alipokwenda Bukoba msibani, nilikuwa namalizia kile chumba changu cha Kiwalani na fundi akakosa chuma cha kubebea tofali juu ya mlango. Nikasema nitakirudisha nikipata nondo. Hakikurudi. Aliporejea nikamwambia wameiba wale wanunuzi wa vyuma chakavu. Akasikitika, nami nikasikitika naye bila haya.

Basi siku ile nikaweka gogo la mnazi. Mfaume alikuwa amesimama mlangoni anasema, "Mzee wangu, mie lori tatu zimelala kule Tegeta zinanisubiri nyie tu." Baba Mdogo akagonga gogo mara tatu. Likatoa sauti nzito, ya mti. Akanitazama. Mimi nikatazama mafuta yaliyokuwa yanadondoka juu ya gogo, nikaanza kuhesabu matone. Akaingiza mkono kuvuta pini iliyoshikilia jeki. Pini ilipotoka uzito wote ukahamia kwenye gogo, likateleza. Sitaki kukuandikia sauti niliyoisikia. Tulimkimbiza hospitali kwa lori alilokuja nalo Mfaume, na njia nzima alikuwa ananiuliza kama nimezima injini.

Jeki niliifunga wiki iliyofuata. Rodi yake ilikuwa na mikwaruzo, Elinaza wa mashine ya kukereza akaing'arisha, nami nikavalisha sili huku baba yako amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa shingoni, ananifokea kwamba nimeigeuza, mdomo wake umeelekea upande usio wake. Kweli nilikuwa nimeigeuza. Haivuji tena hata tone.

21 Agosti

Dada, naendelea baada ya wiki. Baba Mdogo alinikuta naandika akataka kuisoma. Nikampa, nikijua kwamba habari ya Mlinzi ndiyo kwanza anaipata. Alivaa miwani yako akasoma kurasa zote, polepole, hata ile ya kitenge cha Clara ilimchekesha.

Alipofika mwisho akaniambia, "Mlinzi nilikiona siku mliponialika chakula nyumbani kwenu, kabla hata mtambo wa Mfaume haujaja. Plasta haikufunika rangi yote."

Nikamuuliza, sasa kwa nini uliingiza mkono?

Akasema, "Nilipogonga nilikuwa nakusubiri. Nilijua utasema, Baba, toka."

Hakusema kwa hasira. Angenipiga na hiyo spana ningelala vizuri zaidi. Umenifahamu tangu nilipoletwa kwenu sina wazazi, nikalala kitanda kimoja na kaka zako, na hakuna siku mzee huyu alinitenga kwa sahani wala kwa daftari. Alinisubiri mimi, nami nilikuwa nahesabu matone ya mafuta.

Jana nilivunja tofali za juu ya mlango nikakitoa. Clara ameniuliza kama nimerukwa na akili, kwa sasa mlango tumeuzuia kwa mbao. Nilikibeba begani kutoka Kiwalani mpaka Chang'ombe kwa miguu, saruji ingali imekigandia. Baba Mdogo alikigonga mara tatu kwa mkono wa kushoto, akaniambia nikakioshe.

Sikuombi unijibu mimi. Ukinikasirikia ni haki yako, na ukikaa kimya nitaelewa. Ila usiongeze mkataba kwa ajili ya uongo wangu. Kama umeshausaini, mwandikie yeye mwenyewe, umwambie kwamba hukuwa unajua. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Mzee Albano wa jirani anakusalimu, na shangazi Kokuhumbya, na watoto wote wa nyumba ya nyuma. Clara anasema ukija utalala kwetu, mlango utakuwa umeshatengenezwa. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe ukiwa na moyo ule ule.

Mstari wa chini ni wa Baba Mdogo. Amekataa nimwandikie. Kalamu ameishika kwa kushoto, na umemchukua muda mrefu kuliko ukurasa wangu wowote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na niliyekukosea,
Theonest

KOKU MWANANGU. MIWANI NZURI. NJOO.