Mjomba Apanga Miaka Kumi Juu ya Kahawa ya Magendo

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako nikiwa na wasiwasi mwingi, kwa sababu mwezi huu ukiisha nitasimama mbele ya wafanyakazi na jamaa zetu wote kusoma jambo ambalo mimi mwenyewe siliamini.

Mimi ni kijana wa hapa Busia, nafanya kazi katika kampuni ya redio ya mjomba wangu, Mzee Ojiambo, ambaye ndiye alinilea na kunisomesha baada ya baba kufariki, na tulianza na meza moja tu ya kutengeneza redio sokoni lakini sasa tuna duka, karakana na tawi dogo kule Malaba, na mwaka jana mjomba alinipeleka kozi Nairobi, nikarudi akaniita meneja wa mipango, akasema kama serikali inapanga miaka mitano sisi tutapanga kumi, niandike. Nilifurahi sana, siku hizo nilikuwa natembea katikati ya barabara.

Mpango anaoutaka ni tuache kazi ya kutengeneza redio ndogo za watu wa Butula na vijijini, tujenge kiwanda Malaba, tuwe tunaunganisha redio za kabati, zile kubwa zenye gramafoni ndani, kwa maana siku hizi zinaondoka dukani kabla hatujazipangusa vumbi. Lakini Mshauri, mimi ndiye nakaa kaunta na ninaona ni nani anazinunua, ni watu wa kahawa ya magendo inayovushwa mpakani hapa, mmoja anaingia na vumbi la magunia kwenye koti, hasemi nipunguzie, haulizi garanti, anaonyesha redio kwa kidole na kuibeba, na hatumwoni tena maisha. Mteja tuliyemzoea sisi hubishana bei mpaka chai yako inapoa, redio yake huileta imefungwa kwa leso, na kila mara hurudi kununua mawe ya redio, yaani betri. Huyo hayumo kabisa katika mpango wa mjomba. Mwaka jana malori yalipozuiwa mpakani siku chache tu, duka lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, na mjomba akasema ni mvua.

Nilijaribu kumweleza. Nilisema, "Mjomba, hii kahawa ikiisha, hizo redio kubwa tutauzia nani?" Akacheka, kisha akakunja uso. "Ati kahawa iishe? Kahawa iko hapa tangu wazungu! Wewe ni mtoto ya dada yangu, nilikupeleka Nairobi usome, si unifundishe kuogopa." Fundi wetu mkubwa, Emukule, akaniambia tukiwa karakana, "Kijana, boss amesema kumi, wewe andika kumi. Hii kitu si yako."

Lakini ni yangu, Mshauri, na sasa nafika kwenye kidonda chenyewe. Ili kiwanda kijengwe, mjomba anataka kuuza shamba la Busibwabo, na hapo ndipo anaishi mama yangu, Nerima, ambaye ni dada yake mkubwa, yuko hapo tangu alipofiwa, analima muhogo na wimbi na nyumba yake ameisiriba kwa mikono yake, na mjomba anasema atampa chumba nyuma ya kiwanda, karibu na lango la malori. Nikifikiria mama yangu akianika wimbi wake kwenye moshi wa malori naweka kalamu chini. Nikipinga mbele ya watu nitamwaibisha mtu aliyenifanya niwe mtu, na wewe unajua kwetu mjomba akikutamkia neno baya maisha yako yote yanaenda kombo. Nikisoma, nimemfukuza mama kwa mdomo wangu. Nifanye nini? Nijibu katika gazeti tafadhali, usinitumie barua, kwa sababu sanduku la posta ni la kampuni na ufunguo uko na mjomba.

Mpwa Mwenye Hofu,
Busia

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mwanangu. Hofu yako ina msingi na macho yako yanaona vizuri. Kozi ya Nairobi haikupotea bure, hata kama aliyekupeleka hapendi ulichorudi nacho.

Sasa kaa nikugombeze. Umenieleza habari za redio kubwa na redio ndogo, umenieleza mteja anayebishana na asiyebishana, hata fundi Emukule nimemsikia. Mama yako amesema nini? Hakuna. Ni nyumba yake inayouzwa, na katika barua yako yote huyo mama hajafungua mdomo! Sababu naijua. Hujamwambia. Mjomba wako hajamwuliza, na wewe unayelia kwa ajili yake hujamwuliza vilevile. Hapo wewe na mjomba ni kitu kimoja.

Unaogopa neno la mjomba, na mimi sitakucheka, kwani hata mimi nina wajomba. Lakini umesahau jambo ambalo kila mtu wa kwenu analijua. Wewe huwezi kumkemea mzee huyo, ila yuko mtu mmoja anayeweza, naye ni yule dada mkubwa aliyemfuta kamasi. Mwache yeye aseme. Akikubali kuhama kwa hiari yake, sawa, utakunywa maji ulale. Akikataa, usiwe wewe wa kumshawishi.

Upande wa kazi, usigome, na usimpinge mjomba mbele ya wafanyakazi. Nenda nyumbani kwake mapema, ukae chini, umwambie: "Mjomba, nimeandika kama ulivyotaka, lakini nimeongeza sehemu ya pili, ya siku ile mpaka wetu utakapofungwa." Mtu anayepanga miaka kumi akiwa na mpaka mlangoni na haandiki neno lolote juu ya mpaka kufungwa, huyo hajapanga, ameota. Mwambie akae kaunta na wewe siku moja ya soko, na kila anayebeba redio kubwa amwulize kwa mdomo wake mwenyewe kama ataileta ikiharibika. Majibu atayapata kwa watu, si kwako. Na karakana ya redio ndogo isifungwe. Kama anataka sana kuijaribu Malaba, akodi chumba kwanza, aone mwaka mmoja. Shamba halikimbii. Akikataa yote hayo, mpe karatasi aisome mwenyewe. Kukataa kuisoma si matusi.

La mwisho, na hili ndilo la haraka. Uliniomba nikujibu gazetini, nimekujibu. Majina nimeyabadilisha yote. Lakini redio za kabati hapo Busia anauza nani mwingine? Na Busibwabo kuna akina mama wangapi walioolewa wakarudi kwa kaka yao, wenye mtoto meneja? Gazeti hili likishashuka kwenye basi hapo stendi litasomwa kwa sauti dukani, na atakayelisikia kwanza ana jirani, na jirani ana miguu. Mama yako hastahili kuyasikia haya kwenye foleni ya kisima.

Kwa hiyo likunje, litie mfukoni, panda baiskeli uende kwa mama. Ukimkuta anapalilia, chukua jembe la pili, mwambie.