Wali Uliofunikwa kwa Kitambaa cha Meza

Shadya, upo? Nacheka na hasira ninazo.

Leo nilikuwa natenga chakula cha mchana kama kila siku. Nikafunua sufuria ya wali ya mama mkwe, nikakuta maua. Maua, Shadya! Mifuko ya plastiki aliyokuwa akifunikia wali si imepigwa marufuku? Basi amekata kitambaa cha meza cha plastiki, kile kipya cha maua ya waridi alichonunua sokoni Ruangwa, akafunikia wali uive upesi. Kimelainika hadi kimenata kwenye punje.

Nikasema kwa kile kisauti changu cha mbu, "Mama, plastiki laini ikipata moto inatoa kemikali. Zinaweza kuvuruga homoni za mtoto tumboni, hasa wa kiume."

Akamwita jirani! "Mama Hamidi, njoo usikie! Mkwe wangu anasema kitambaa cha meza kitamnyofoa mjukuu wangu kidudu!" Wakacheka mpaka wakashikana. "Mimi nimezaa saba, wote wazima. Huyu chuo kimemfundisha kuogopa wali."

Nasri, mume wangu shujaa, akaikodolea macho sahani kama anasoma mkataba. Eti mimba ya miezi mitatu ni yangu peke yangu.

Mama akanipakulia, akajaza. "Kula, daktari. Au ni kichefuchefu tena?"

Ningeitikia tu ndiyo, kama siku zote. Nikasukuma sahani.

"Sina kichefuchefu, mama. Mimba ya kwanza ilitoka, na sababu hatukuijua. Hii siibahatishi kwa wali."