Gemu la Kusoma

Ijumaa, 4 Oktoba 2002

Leo naanza. Naiahidi nafsi yangu kuandika kila kitu, hata yale ya kunitia aibu. Sitapamba.

Ijumaa skuli tunatoka mapema. Wanaume wakienda kusali, Ami Seif anafunga chumba chake cha gemu hapa chini ya nyumba yetu, na ufunguo anampa Mama. Mimi nateremka na ufagio. Nafagia maganda ya njugu, nafuta vioo vya televisheni, halafu nawasha mashine moja na kucheza mpaka wanaume watoke msikitini. Ndiyo mapatano. Wiki nzima chumba ni cha wavulana wa mtaa wetu wa Mlandege. Saa ile ya Ijumaa ni yangu.

Leo nimecheza la mpira. Silipendi. Timu zote za Ulaya. Kaka Suleiman ndiye bingwa wake, na tangu awe bingwa anatembea kama mtu mwenye kazi. Mtangazaji anasema maneno yaleyale kila bao likiingia. Mtu anayekusifu kwa maneno yaleyale hajakutazama.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nafanya hesabu za skuli juu, chini wanacheza lile la kupigana. Sakafu yetu ni ya mbao, kila kitu kinapanda. Gemu lile lina wanawake wawili, wamevaa kama watu waliotoka kuoga na taulo haikutosha. Ami amebandika karatasi kwenye kasha kufunika mapaja. Yaliyo ndani ya televisheni hakuyafunika.

Hadithi halina. Mtu anaingia, anapigwa, anaingia mwengine. Hakuna anayeulizwa kisa chake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Salma kaniletea gemu. Salma ni binti wa ami yetu mwengine, yuko Maskati tangu mdogo. Alilimaliza, akampa mtu aliyekuwa anakuja. Ndani ya kasha kaandika: usiruke maneno.

Kwanza nilijaribu la magari, nipate la kulinganisha. Mji mzima hauna mtu. Majumba marefu, taa, barabara safi, na hakuna hata mmoja anayevuka na kikapu. Sijui wanakimbilia wapi.

Kisha nikaweka la Salma. Msichana anarudi kijijini kwao. Kijiji kimezama. Usiku mmoja mtu alifungua mlango wa bwawa, maji yakaja, watu wakafa. Anakwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani aliyefungua. Hapigi mtu. Hakimbii. Anauliza, na yeye anaulizwa. Kila anapoulizwa, gemu linasimama na kukupa majibu matatu uchague. Halikuharakishi. Nilikaa na pedi ya kuchezea mkononi, nikafungua kamusi ya Kiingereza, nikarudi, na lile bado linaningoja.

Sijapata kungojwa hivyo na mtu yeyote.

Jumatano, 16 Oktoba

Suleiman kaiona CD. Kaiweka, kacheza kidogo, kaitoa. Wakati wa chakula cha usiku ananitania mbele ya Mama.

"Gemu lile au mtihani? Mtu anasoma mpaka macho yanatoka, hata kofi hapigi."

Nikamwambia hakuelewa kwa sababu hakusoma.

"Nisome nini? Nshamaliza skuli mie. Nyie endeleeni, mtapewa cheti cha gemu."

Mama kacheka. Nami nilicheka, halafu nikajikasirikia. Sasa wavulana wote chini wanaliita gemu la kusoma. Wanalitaja kama ugonjwa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimefika mbali. Nimejua kwamba mlinzi wa bwawa alikuwa baba wa yule msichana. Nilishuku tangu mwanzo, kwa namna watu wanavyonyamaza akiingia. Mwandishi wa gemu hili anajua kuandika kunyamaza. Muziki ni mmoja tu, kinanda, na mara nyingi hakuna.

Kasoro zake nazo niseme. Nyuso za watu ni kama mbao. Yule msichana akitembea viatu vyake vinapita ndani ya ngazi. Na kuna mtu mweusi mmoja tu, anabeba mizigo, hana jina. Hilo limeniuma. Nimemkasirikia mwandishi huku nampenda.

Nilipofikia pamehifadhiwa kwenye memori, kile kidude kidogo kinachochomekwa mbele ya mashine. Ukihifadhi, kila gemu linaweka kijipicha chake. Cha mpira ni kikombe, na vikombe viko vingi. Changu ni nyumba ndogo iliyozama nusu. Kiko peke yake.

Ijumaa, 25 Oktoba

Umeme umekatika kabla sijakaa. Nimefagia, nimepanda juu.

Jumapili, 27 Oktoba

Mama kaniita jikoni, akafunga mlango. Kasema kwa upole, ndiyo maana sikuweza kubisha. Ramadhani hii ikimalizika sitashuka tena chini. Mimi ni mtu mzima sasa. Watu wanaona mlango unafunguliwa Ijumaa wakati wanaume wako msikitini, wanajua ndani kuna msichana.

"Sikushuku wewe, mwanangu. Nawajua walimwengu."

Nilimuuliza kama mashine moja haiwezi kupandishwa juu. Akasema Ami yako hafanyi biashara kwa hisani. Basi.

Chumba kinafungwa Ramadhani nzima. Kwa hiyo imebaki Ijumaa moja. Hadithi lazima niimalize hiyo hiyo. Nikishindwa sitaimaliza tena. Naandika wazi ili nisijidanganye.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimebakisha swali moja.

Yule msichana amekwishajua. Baba yake ndiye aliyefungua mlango wa bwawa. Hakufungua kwa ubaya, alilala kazini, akashtuka, akageuza gurudumu upande usio wake. Kisha akanyamaza miaka yote. Sasa bibi mmoja aliyefiwa na wanawe anamshika msichana mkono na kumuuliza: unamjua aliyefungua? Majibu ni matatu. Namjua. Simjui. La tatu ni tupu, ukilichagua unanyamaza.

Nilikuwa bado natazama yale majibu nilipowasikia wanaume wanarudi. Sikutaka kubonyeza kwa pupa. Nikahifadhi, nikazima.

Ami kaja kuchukua ufunguo. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba nimebakisha kidogo sana. Alikuwa mchangamfu, ametoka kusali. Akasema, "Jumatatu napakia mashine niziweke. Kabla sijapakia, njoo umalize. Mie mwenyewe n'takaa mlangoni, nani atasema?" Sijapata kumpenda Ami kama leo.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku nzima nawaza jibu. Simjui ni uongo. Kunyamaza ni adabu. Namjua ni baba yake.

Jumapili, 3 Novemba

Tumekwenda kuvunja jungu, karamu ya mwisho kabla ya kufunga. Mwaka huu ilikuwa Mbweni, nyumba ya shemeji yake Ami, ukumbi mkubwa na uwanja. Wanawake jikoni na uani. Wanaume ukumbini. Suleiman na wenzake walichukua mashine moja na televisheni, wakafanya ligi ya mpira.

Mie nilikuwa nakuna nazi chini ya dirisha la ukumbi. Naandika kama nilivyosikia.

Mmoja alisema memori imejaa, ligi haihifadhiki. Ami akasema futeni kitu kimoja. Wakaanza kubishana, hakuna aliyetaka kikombe chake kifutwe. Kisha sauti ya Suleiman:

"Futa hicho kinyumba. Cha Rukia hicho, gemu la kusoma. Atasoma tena, si anapenda kusoma?"

Wakacheka. Ami naye. Nilimsikia Ami.

Ningeweza kuinuka. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa changu, hata kupiga kelele nisingehitaji, kusema tu kungetosha. Kulikuwa na wageni. Nilikuwa na kizio cha nazi mkononi. Nikaendelea kukuna mpaka nikafika kwenye gamba na nazi ikaingia weusi, na Bi Raya, jirani yetu, akanigombeza kwamba naharibu tui.

Pilau lilisifiwa sana. Mie sikulisikia ladha.

Nawachukia. Nalichukia la mpira na mtangazaji wake. Nakichukia kikombe kilichokaa pahala pangu.

Jumatatu, 4 Novemba

Nilishuka kama nilivyoahidiwa. Mashine zote zimo makashani. Ami akasema, "Lo, nlisahau. Lakini si ishafutika? Utaanza upya siku yoyote, hadithi haikimbii."

Siku gani, Ami? Sikumuuliza. Nilisema, "Haya."

Jumanne, 5 Novemba

Usiku huu huenda mwezi ukaonekana, kwa hiyo leo ni siku ya kuombana msamaha. Majirani wamepita tangu asubuhi. Unashikwa mkono, unaambiwa nisamehe ninalolijua na nisilolijua, nawe unajibu nshakusamehe, nisamehe na mimi. Nimewajibu wote. Bi Raya kanitaka radhi kwa kunigombeza siku ya nazi. Nilitaka kulia.

Baada ya alasiri kaja Suleiman. Kavaa kanzu, anatoka, ana haraka. Kamuomba Mama msamaha, kambusu mkono. Kisha kanigeukia huku anavaa kofia.

"Haya, Rukia, nisamehe ninalolijua na nisilolijua."

Nikamuuliza, "Lipi unalolijua?"

"Mtume wee! Hiyo ni kauli tu. Sema nshakusamehe nende zangu."

"Lipi, Kaka?"

Akamtazama Mama, akacheka. "Mwanao kishakuwa kadhi."

Mama akasema, "Mjibu kakako. Usimweke mtu mlangoni na Ramadhani."

Nikaona majibu yangu. Moja uongo. Moja kunyamaza. Sikufikiri sana, labda ndilo kosa langu.

"Sijakusamehe," nikasema. "Mliifuta hadithi yangu Mbweni. Wewe ndiye uliyewaonyesha. Nilikuwa chini ya dirisha."

Chekecheke la unga lilimtoka Mama mkononi. Suleiman hakucheka tena. Akasema, "Kwa ajili ya gemu?" Sauti yake ilikuwa ndogo. Akatoka bila ya kuvaa viatu vizuri.

Mama kaokota chekecheke. Kaniambia kwamba mtu hafungi mwezi huu na kinyongo, kwamba nimemtia kakangu aibu kwa kitu cha kuchezea. Nikamwambia nilikuwa nimebakisha swali moja tu. Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Halafu akarudi kwenye unga wake.

Sijuti. Naandika hivyo, halafu naisoma, na sina hakika.

Alkhamisi, 7 Novemba

Tumefunga. Mtaa kimya. Chumba cha chini kimya pia, na nimegundua kwamba nilizoea kelele zake.

Suleiman hali nasi. Wakati wa futari anachukua tende na uji wake, anakwenda kula na Ami barazani. Sinia letu lina pahala pake tupu, Mama anaupanga mkate upande ule kama vile atakuja. Hajanisema tena. Leo kaniuliza, bila ya kunitazama, yule msichana wa kwenye gemu alikuwa mtoto wa nani. Nikamsimulia, nikikoroga uji. Alisikiliza mpaka nilipofika kwa bibi aliyefiwa. Kisha akaniuliza, "Na wewe hujui ilikuwaje?" Nikasema sijui.

Nimefikiri kuhusu magemu yote niliyocheza kule chini. La mpira linataka ushinde. La kupigana linataka mwenzako aanguke. La magari linataka uwahi. Nilidhani la Salma ni bora kwa kuwa halitaki kitu, linauliza tu na kungoja. Sasa naona nalo lina ubaya wake. Linakuachia uchague, halafu unazima na kupanda juu kula chakula cha usiku. Hapa hakuna kuzima.

Swaumu yangu sijui kama inapokewa. Mwalimu wa dini alitufundisha kuhusu ndugu wasiosemezana. Nimeamka kwa daku nikamkuta Suleiman kwenye mtungi. Akanipisha ninywe kwanza.

Bi Raya anasafiri Jumamosi kwenda Maskati kumtazama mwanawe, na atarudi kabla ya Sikukuu. Nimempa kikaratasi cha Salma. Nimekiandika mara nyingi, mwishowe kimekuwa kifupi, nakinakili:

Salma, shukrani kwa gemu. Nimefika kwa yule bibi, zaidi ya hapo sitafika. Usinambie mwisho wa kijiji wala wa bwawa. Nijibu hili moja kwa mkono wa Bi Raya, nalingoja. Ukichagua "Namjua", yule msichana na baba yake wanakula tena pamoja?