Saa ya Gari Lisilo na Betri

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Chaji, ndilo linalojulikana mtaani. Umri: miaka 51. Kazi: fundi umeme wa magari. Makazi: nyuma ya karakana yangu, mtaa wa pili kutoka kituo hiki cha polisi.

Leo asubuhi, tarehe 14, mke wa Dakika amemweleza afisa wa zamu, nami nikisikia, kwamba amechungulia dirisha la gereji akaona saa ya gari la mumewe inawaka. Amesema iliandika 1:15, na kwamba ilikuwa sahihi. Gari hilo halina betri. Betri niliing'oa mimi juzi. Nimekuja nayo, ipo juu ya meza hii.

Dakika ni mpiga chapa, mteja wangu wa miaka mingi na rafiki. Tulimwita hivyo kwa sababu hachelewi. Mwezi wa pili alitoka nyumbani kwa miguu na hajaonekana tena. Ufunguo mmoja wa gari na mmoja wa gereji alikuwa nazo mfukoni.

Mwezi wa nne mkewe aliniita. Alisema, "Shemeji, betri isife. Siku akirudi atataka liwake." Gari la aina hii betri haikai chini ya boneti, iko chini ya kiti cha nyuma. Nilimwonyesha, nikafungua waya wa hasi, nikauviringisha kitambaa na kuulaza pembeni. Waya huo ukifunguliwa, saa ya gari inapoteza kumbukumbu. Niliiona ikizimika.

Mnamo tarehe 12 mwezi huu, alasiri, kaka mkubwa wa Dakika alinipigia simu. Alikuwa amepata mnunuzi, akataka niliamshe gari. Nilimkuta gereji kainamia boneti.

"Fundi, tumeibiwa betri!"

"Hapo hutaiona hata ukeshe. Njoo huku kitini."

"Kumbe! Mtu anaikalia betri kama kuku anaatamia?"

Mke wa Dakika alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Alisema gari haliuzwi mpaka ajue mumewe yu hai au amekufa. Kaka mtu akamjibu, "Miezi minane, mama. Angekuwepo, tungesikia."

Nilinyanyua kiti. Kitambaa changu kilikuwa kimekunjwa vizuri na kuwekwa kando. Waya wa hasi ulikuwa umefungwa tena kwenye betri. Kwa kawaida betri iliyotelekezwa hivyo inaota ukoko mweupe. Hii vichwa vyake vilikuwa vimesuguliwa na kupakwa grisi mpya. Maji yalifika mstari wa juu katika vyumba vyote, na kizibo kimoja kilikuwa bado na tone. Nilipima, chaji ilikuwa kamili.

Niliuliza nani ameigusa. Mke alisema hajakinyanyua kiti tangu siku ile. Kaka mtu alisema, "Mimi nilikuwa naitafuta mbele, si umeniona?"

Kisha akatazama dashibodi, akacheka. "Chaji ipo, ila saa mbovu. Simu yangu inaonyesha nne na dakika kumi, hii imeandika kumi na dakika kumi."

"Si mbovu," mke alisema. Akakaa sakafuni.

Naeleza kwa faida ya maelezo haya. Sote tunaona nne kwenye saa na kutamka saa kumi, wala hatufikirii. Dakika hakutaka hilo. Aliipanga saa ya gari lake iandike kama anavyotamka. Nilikuwa namtania, "Wewe, ipo siku utaikosa ndege." Alinijibu, "Gari langu linaongea Kiswahili. La kwako liache likusumbue." Tangu nianze kazi sijaona gari jingine lililopangwa hivyo.

Kaka mtu aliacha kucheka. Aliniamuru niitoe betri. Nilianza na hasi, nikamalizia na chanya. Saa ilizimika mbele yetu sote watatu. Yeye akafunga gereji kwa kufuli jipya, akatia ufunguo mfukoni na kuondoka bila kuaga.

Getini mke aliniuliza kwa sauti ya chini, "Lile tone kwenye kizibo, shemeji. Linakauka baada ya muda gani?"

Nilimwambia kwa joto la mle gereji ni nusu saa, au pungufu.

Afisa ameniuliza kama saa hiyo inaweza kuwaka yenyewe. Nimejibu kwamba haiwezi kuwaka bila betri, na ikishazimika haiwezi kujua ni saa ngapi mpaka mtu aipange.

Nimesomewa niliyoyasema, sina la kuongeza wala kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika haya kama yalivyotamkwa. Betri moja imepokewa kuwa kielelezo. Kaka wa aliyepotea amesema kwa simu kwamba kufuli ni zima na ufunguo hajamkabidhi mtu. Ameagizwa asiuze gari hadi ukaguzi ukamilike. Gereji itafunguliwa kesho, tarehe 15, saa tatu asubuhi, shahidi akiwepo. Mke ameomba tubishe hodi kwanza.