Gurudumu la Ibtihal

Ibtihal mwanangu,

Chai imo kwenye chupa. Mpe punda maji. ~~Leo huendi Mokowe kwenye mashindano ya baiskeli.~~ Hilo nimelifuta, soma kwanza.

Miezi mitatu umebadilishana vipuri na nusu ya mji wa Amu mpaka ile fremu kuukuu ya chuma ikawa baiskeli. Hongera. Lakini nani alikwambia mnyororo unapakwa mafuta ya papa kama mashua? Asubuhi niliitoa niijaribu kidogo, mamako asinione. Paka wote wa mtaa wakanifuata kwa ile harufu. Mmoja akajitupa mbele, nikamkwepa, nikaukumbatia ukuta wa Bwana Jeilani. Paka mzima. Gurudumu la mbele limepinda kama sambusa.

Basi nimelipeleka Wiyoni kwa fundi Zaki alinyooshe. Wewe futa mnyororo wote, utie mafuta ya cherehani ya mamako. Mamako Bi Nusra akiuliza goti langu lina nini, mwambie asome hapa.

Boti ni saa nane. Usipande bila mimi. Nataka nione ukiwaacha nyuma wote waliokucheka, na wa kwanza kukucheka nilikuwa mimi.

Babako