Urefu wa Kamba ya Kikapu

Dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii imekukuta mzima, na magoti ya mama yamemwachia japo siku mbili tatu. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya Ujerumani imeanza tena, nimevaa fulana tatu, ungeniona ungecheka hadi ukae chini. Naandika kwa sababu kila nikipiga simu wewe humpa mama. Nasikia sauti yako, "Mwanao huyo, shika," kisha nasikia viatu vyako vikishuka ngazi. Miezi saba sasa. Una haki.

Kazi yangu sijawahi kukueleza vizuri, nilipenda kujivuna tu. Mimi huangusha vitu ndani ya kompyuta. Kile kifaa cha kupima sukari nilichomletea mama, kabla hakijatengenezwa kilikuwa picha kwenye kioo. Naiambia kompyuta kiko juu kiasi gani, kinaangukia nini, kwa ubavu au kwa kona, halafu naachilia. Palipotulia hubaki buluu, palipoumia huwa pekundu. Naweza kukiangusha mara ishirini kabla ya chai na hakuna anayeokota vipande.

Siku tulipokuwa tukiamua urefu wa kuangushia, mkubwa wetu aliuliza kama kuna anayejua mahali ambapo kifaa kinaweza kuanguka kutoka juu zaidi ya kiunoni. Dada, nilikiona kikapu chetu. Nilikiona wazi, na kamba yake ya kijani, kikishuka kutoka dirishani hadi kwa muuza mboga, nawe umeinama unamgombeza kwa mchicha wa jana. Nikanyamaza. Niliona haya. Niliogopa wenzangu watacheka wakisikia kwamba kwetu vitu hupandishwa kwa kamba. Wakaandika urefu wa kiunoni, tukaenda kula.

Walipotoka nilijaribu peke yangu. Nilikisia urefu, nikakiangusha kwa kona juu ya jiwe. Kona ya betri ikawa nyekundu yote, kifuniko kikaruka. Nikayafuta matokeo. Kisha likizo nikamletea mama kifaa hicho hicho, na mbele yenu nyote nikasema, "Hiki hata mkitupe, hakivunjiki." Ulimi hauna mfupa.

Wewe uliniamini. Ndiyo maana Bi Rehema wa nyumba ya mbele aliposhindwa na ngazi zetu, ukawa unamteremshia kifaa kwa kikapu kila asubuhi, anajipima pale barazani, unakivuta juu. Na siku kilipoanguka hukuficha. Ulinipigia mwenyewe.

"Kimevundika, ndugu yangu. Nalikishusha polepole, kamba ikaniponyoka, kikapiga ukingo wa baraza."

Nami, niliyekwisha kuiona kona ile ikiachia, nikakujibu mama akisikia: "Mkono wako hauna kazi ila kugawa vya watu!"

Ulisema, "Haya," basi. Afadhali ungenitukana.

Juzi mama ameniambia habari za Bi Rehema. Kumbe tangu siku ile aliona haya kuomba kupimwa popote, akijiona yeye ndiye aliyewavunjia kitu chenu. Sukari ikampanda, akalazwa, na sasa amerudi nyumbani lakini jicho la kushoto halioni, la kulia linaona kivuli tu. Bi Rehema, Zuhura! Aliyenishonea kofia yangu ya kwanza ya Idi, akatoboa viua vyake, vile vitundu vya nakshi, kimoja kimoja bila miwani. Nimelia kazini, chooni, nimefungulia bomba wasinisikie. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi sina hata mtoto, na mjukuu huyu nimeshampakata.

Barua hii inaletwa na Salim, kijana wa mtaa wa Tudor huko kwetu, tunayekaa naye nyumba moja, anakuja likizo. Amebeba vifaa viwili, vya aina nyingine. Kimoja kikae kwa Bi Rehema mwenyewe, na umwonyeshe mjukuu wake namna ya kumpima. Najua havirudishi macho. Mwambie hakuvunja kitu, wala wewe hukuvunja. Mama msomee barua yote, na pale pabaya usiruke.

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya wakubwa nikasema kwamba kwetu Mji wa Kale vitu huanguka kutoka dirishani. Nikawaeleza kikapu, kamba, baraza ya mawe, na kona niliyoifuta. Hakuna aliyecheka. Mkubwa alichukua kalamu akaniuliza, "Kutoka juu kiasi gani?" Nimezaliwa nyumba ile, nimeegemea kizingiti cha dirisha lile tangu utoto, na sikujua.

Nisalimie mama, umbusu mkono kwa niaba yangu. Shemeji mwambie kahawa aliyonipa imekwisha. Watoto wako wabusu, na muuza mboga umpunguzie ukali, naye ana mama yake.

Sikuombi uniandikie maneno mazuri, sijayastahili. Ila siku ukipata moyo, teremsha kikapu mpaka kiguse chini, funga fundo kwenye kamba pale dirishani, uipime. Nami nitakapopiga simu, kabla ya kumpa mama, nitajie urefu wake. Huo tu, dada. Nitausubiri.

Ndugu yako aliyekukosea,
Faraji