Tone la Udhu

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam alaykum. Huku Mtawanya sote wazima. Mikorosho imeanza kutoa maua, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kiume.

Umeuliza alama iliyo chini ya jicho la bibi yako ilitoka wapi. Yeye huwaambia watu ni mafuta ya maandazi. Si kweli.

Ujanani nilikuwa na bunduki ya upepo. Risasi zake ziliuzwa madukani Chikongola, lakini mimi nilipenda kuzitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nayeyusha chubwi kuukuu za mishipi, vile vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia ndoana, kwenye kikaango, namimina kwenye kalibu, na bibi yako, ndoa yetu ikiwa bado mpya, anachagua zilizotoka vizuri.

Siku moja adhana ya alasiri ilinikuta kazini, nikaenda kutawadha. Maji ya udhu sikuwa nayafuta. Baba alinifundisha kuyaacha yakauke yenyewe. Kabla ya kuswali nikaona nimimine kalibu moja ya mwisho. Tone likadondoka kutoka kwenye kiwiko changu hadi kikaangoni, risasi iliyoyeyuka ikalipuka na kumrukia bibi yako usoni.

Ya hospitali tuyaache. Jicho lilisalimika.

Bunduki niliigawa. Bibi yako hajanilaumu hata mara moja, na wazazi wake nao aliwaambia ni maandazi. Ila tangu siku ile, kila nikitoka kutawadha, namkuta mlangoni ameshika taulo.

Leo alasiri pia alikuwepo.

Babu yako